Dunga, Hippo Point ama Riat? Riviu ya lokesheni za kumpiga picha mbwa wako hapa Kisumu

Nianze na jibu ndio wenye haraka wasisumbuke. Kama mbwa wako ni mtulivu na amezoea watu, nenda ufuo wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, asubuhi na mapema siku ya kazi. Kama ni muoga, ama ni yule wa kuvuta kamba akiona kuku, achana na ziwa kabisa, upande juu kilimani Riat. Nasema hivi kwa sababu naona watu wengi wanachagua mahali kwa kuangalia picha za harusi za wengine, na bibi harusi ukimwambia asimame hapo atasimama, lakini mbwa kama mahali hapamfurahishi inaonekana usoni, masikio yamelala nyuma, mkia umefichwa, na hakuna programu ya kurekebisha hiyo.

Dunga ndio napenda zaidi, sitaficha. Kuna mafunjo marefu ya kijani, mitumbwi imepakwa rangi kali, na asubuhi jua linatokea upande wa nchi kavu kwa hivyo fotografa analipa mgongo, mbwa anapata mwanga usoni na ziwa linakaa nyuma yake. Bosko wangu ni mweusi tititi na mwenye mbwa mweusi anajua shida yake, ukimpiga akiwa amejaza fremu kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, manyoya yanatoka kijivu na anga inaungua yote. Mwambie fotografa apunguze eksposha kidogo na amuelekeze mbwa kwenye mwanga laini ndio macho yaonekane. Flashi asiiguse, macho ya mbwa yanarudisha mwanga na yanatoka ya kijani kama ya mnyama wa usiku. Na wahini jamani. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua letu halipandi polepole pembeni, linapanda wima, saa kumi na mbili na nusu linachomoza na ikifika saa mbili mwanga tayari ni mkali, kivuli kinakaa chini ya macho na mbwa ameanza kuhema ulimi nje.

Sasa ubaya wake, na hapa nataka watu wasome vizuri. Magugu maji. Kukiwa na upepo wa kuyaleta ufuoni yanajipanga mpaka yanaonekana kama uwanja wa nyasi, na mbwa hajui tofauti, anaruka akidhani ni ardhi. Kamba isitoke mkononi mwa mtu karibu na maji, hata kama mbwa wako anaitika akiitwa. Kamba nyembamba inafutwa baadaye kwenye kompyuta bila shida, fotografa yeyote anayejua kazi anaweza hiyo. Halafu kuna ile tabia ya mafotografa kuingia majini mpaka magotini ndio wapate picha ya chini na mawimbi, usikubali wewe uingie na mbwa na yeye pia umuonye, kichocho kiko kwenye ziwa letu, vimelea vinatoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi na vinapenya ngozi hivi hivi bila kidonda. Apige akiwa amelala kwenye mchanga mkavu, inatosha.

Hippo Point ni pale pale karibu, na watu wanaenda kwa ajili ya machweo. Machweo ni mazuri kweli, jua linazama upande wa maji na anga inakuwa ya chungwa yote, lakini kwa mbwa mimi napapa alama mbili kwa tano. Mwanga uko nyuma ya mbwa kwa hivyo unapata umbo jeusi tu, na kwa Bosko hiyo ni kupoteza pesa. Kubwa zaidi ni kwamba jioni ndio kiboko anatoka majini kwenda kula nyasi, na mbwa anayebweka kando ya njia ya kiboko ni hatari kwake na kwako. Ukitaka lazima machweo, kaa mbali na maji, ulize wavuvi kwanza wameona nini siku hiyo, wao ndio wanajua. Hata Dunga kwenyewe ongea na watu wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, kabla hujatoa kamera, ni heshima na pia watakuonyesha upande usio na shughuli nyingi.

Wikendi usijaribu upande wote huo. Watu wamejaa kula samaki, kuna watoto, kuna mbwa wasio na wenyewe wanasubiri mifupa, na kumbuka wengi wetu tumekua tukijua mbwa ni wa kulinda boma na anauma, kwa hivyo mtu akiona wako anaruka kando na hana makosa. Kadi ya chanjo ya kichaa beba, ukiulizwa uwe nayo.

Wengine wanapita barabara hiyo wanaona Impala Sanctuary wanadhani wataingia na mbwa wapige picha na swala nyuma. Hapana. Ni ya KWS, shirika la wanyamapori, na wanyama wa nyumbani hawaruhusiwi, na ni sawa kabisa, magonjwa yanahama. Kit Mikayi pia naulizwa sana. Mawe yale yanavutia, lakini watu wanaenda pale kuomba na kufunga, mimi mbwa wangu simpeleki.

Riat naipa alama nne. Hewa ni baridi kidogo, upepo unapeperusha manyoya, na unaona mji na ghuba yote iko chini. Mbwa muoga anatulia huko kwa sababu hakuna kelele. Ardhi nyingi ni ya watu, piga hodi, omba ruhusa, toa kitu kidogo kama wamekubali. Nyasi zikiwa ndefu utarudi na kupe na kishonanguo kimejaa tumboni, kwa hivyo mkague mpaka katikati ya vidole. Msimu wa mvua ndefu, Machi mpaka Mei, nenda asubuhi tu, maana mchana ukigeuka radi za huku si za mchezo na mbwa akisikia ngurumo kipindi kimeisha.

Paka msiwatoe nyumbani tafadhali, paka anapigwa picha vizuri kwenye uwanja wa kwao.

Beba maji ya kunywa na bakuli, asinywe ya ziwani. Zawadi bora ni omena kavu isiyo na chumvi, fotografa ashike moja juu ya lenzi na utaona vile masikio yanasimama. Na usafiri upange jana yake, matatu wengi watakataa mbwa, tafuta tuktuk, mwambie dereva mapema kwamba kuna mbwa na ni mkubwa kiasi gani, tandika shuka kwenye kiti, na mkubaliane bei ya kwenda na kurudi pamoja na ya kungoja, kwa sababu kupata tuktuk nyingine ya kumbeba mbwa mwenye tope ukiwa Riat ni kazi.