Inkscape kwa Kazi ya Kugeuza Herufi: Inafaa Wapi, Inakwama Wapi

Karibuni watazamaji. Leo tunaichambua Inkscape, programu ya bure ya michoro ya vekta (michoro ya mistari inayokuzwa bila kupoteza ubora), kwa kazi moja tu: kuchukua fonti iliyopo na kugeuza herufi zake mpaka umbo la neno lioneshe maana yake.

Tuandike RUKA kwa fonti nene. Kabla ya yote, bonyeza Ctrl+D upate nakala, uiweke pembeni. Ukishabonyeza Shift+Ctrl+C, maandishi yanakuwa umbo tupu na huwezi tena kusahihisha tahajia kwa kibodi. Kisha Shift+Ctrl+G, kila herufi isimame peke yake.

Tazama U. Ukiivuta kwa mshale wa pembeni hadi asilimia 150 ya upana wake, miguu yenye unene wa milimita 20 inakuwa 30, lakini pale chini kabisa unene haubadiliki. Herufi inaonekana imekandamizwa. Rudisha kwa Ctrl+Z, bonyeza N upate kifaa cha nodi, yaani vile vidoto vinavyoshikilia umbo la herufi, zungushia nodi za mguu wa kulia tu, uzivute huku umeshika Ctrl zisipande wala kushuka. Ukisogeza mguu milimita 40, nodi za katikati ya mkunjo wa chini, ya nje na ya ndani, zisogeze 20. Halafu refusha vishikio vyake, vile vijiti vinavyotoka kwenye nodi kuongoza mkunjo, vikibaki vimelala sawa. Vikiwa vifupi mno mkunjo unatoka na pembe. Hapa Inkscape inanifurahisha kweli, kwa sababu kila nodi inakutii.

Mguu wa R ndio utakaorusha neno. Chagua nodi mbili za kwenye ncha, shika Ctrl+Alt, vuta: zinafuata mstari wa mguu wenyewe, unene haupungui.

Ctrl+L, ya kurahisisha umbo, iacheni. Inapunguza nodi, ndiyo, lakini inalainisha pembe zilizotakiwa kuwa kali. Nodi zikizidi, futa moja moja, ubakize za juu, chini, kushoto na kulia kwenye kila mkunjo. Fonti za aina ya TrueType (faili za .ttf) ndizo zinazosumbua zaidi: O ambayo ingetosheka na nodi 4 nje na 4 ndani huja na nyingi zaidi. Kama kuna toleo la OTF (faili la .otf) la fonti hiyohiyo, anza na hilo.

Leseni je? Fonti zilizo chini ya SIL Open Font License, leseni ya fonti huria, unaruhusiwa kuzibadilisha. Ukiitoa upya kama fonti, ibaki chini ya leseni hiyohiyo, na usitumie jina lililohifadhiwa na mwenyewe. Ila kutengeneza fonti nzima humu sikushauri. Kwa kazi hiyo tumia FontForge, programu ya bure ya kutengenezea fonti.

Udhaifu mkubwa ni nafasi kati ya herufi. Umbo likishatoka kwenye maandishi, programu haijui tena U inafuata R, na mguu mrefu wa R sasa unaigonga. Ukiisukuma U kulia unabaki na pengo. Inyanyue juu ya mguu, umalizie kwa Alt na vitufe vya mishale, pikseli moja moja, huku umepunguza ukubwa wa mwonekano ili uone neno zima.