Tahadhari: Ziara ya bajaji ya "kila kitu kimo" jijini Mwanza

Naandika tahadhari hii kwa wote wanaopokea wageni Mwanza, na hasa kwa wageni wanaoshuka stendi ya Nyegezi wakitokea Kagera na Geita, ambao siku hizi huvuka Busisi hadi Kigongo kwa daraja badala ya kusubiri kivuko.

Ijumaa iliyopita nilikwenda stendi kumpokea mama mkwe wangu kutoka Bukoba, akiwa na mjukuu wake wa miaka 9. Kabla hatujashusha mizigo alitujia kijana nadhifu mwenye kitambulisho shingoni, akamwamkia mama kwa heshima zote, akajitambulisha kuwa mwongoza watalii na kutuonyesha bajaji iliyochorwa samaki ubavuni. Alisema kwa shilingi 180,000 angetutembeza siku nzima ya kesho yake: Jiwe la Bismarck, Kisiwa cha Saanane, makaburi ya waliokufa katika meli ya MV Bukoba kule Igoma, kisha Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. "Kila kitu kimo humo," alisisitiza, akimaanisha viingilio, boti na maelezo. Nilimtumia shilingi 120,000 za kutangulizia kwa simu. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lile la kwenye kitambulisho. Akasema laini ni ya dada yake, nami nikakubali. Hapo ndipo nilipopaswa kuvunja mapatano.

Asubuhi, karibu na Jiwe la Bismarck, mwenzake alitokea na kudai shilingi 5,000 kwa kila mtu kuwa ni ada ya kupiga picha, bila stakabadhi yoyote, ilhali jiwe lile linaonekana wazi ukiwa umesimama barabarani. Mwongozaji wetu akamweleza mtoto kwamba Bismarck alikuwa mkuu wa wilaya aliyeishi hapo juu. Bismarck alikuwa Kansela wa Ujerumani na hakuwahi kuliona ziwa hili. Mtoto aliyaandika maneno yale kwenye daftari lake la shule, na ilinibidi baadaye nimfutie.

Lililoniogopesha zaidi ni Saanane. Kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, chini ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, na safari yake huanzia kwenye ofisi ya hifadhi iliyopo Capri Point. Sisi tulipitishwa njia ya vumbi hadi kwenye kijifuko cha ufukwe, tukapandishwa mtumbwi wa kuvulia usio na jaketi hata moja la kuokolea. Maji yalikuwa yakipenya kwenye maungio ya mbao na kulowesha viatu vya mtoto, naye amening'inia kwenye shati langu bila kusema neno. Tulizunguka upande mmoja wa kisiwa kwa mbali, tukarudishwa. Mtoto alipouliza kwa nini hatukushuka kuwaona swala na pimbi, aliambiwa wanyama wamehamishwa. Nilikosa kukataa kupanda mtumbwi ule, na jambo hilo bado linanikosesha usingizi.

Igoma ndiko mama alikotaka kufika kuliko pengine pote. Mdogo wake alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika Mwanza, na mama hakuwahi kusimama mahali walipozikwa wale waliopatikana. Kijana alipunguza mwendo tu, akasema leo pamefungwa, akaongeza gesi. Tulipokaribia Kisesa alisimama, akadai shilingi 60,000 zilizobaki ili anunue mafuta, nikampa. Alituomba tushuke kivulini tumsubiri, akaondoka na bajaji. Tulisimama kando ya barabara ya Musoma kwa muda wa saa moja na nusu, mama amekalia mkoba wake juani, kwa kuwa kivuli chenyewe kilikuwa cha mwembe mchanga.

Aliyetuokoa ni dereva mwingine wa bajaji, mtu mzima, ambaye alikubali nauli ya kawaida na kutupeleka Igoma. Hapakuwa pamefungwa. Mama aliingia, akasimama mbele ya makaburi, na yule dereva akavua kofia na kungoja bila kutuharakisha. Ninalitaja hili kwa sababu madereva wa namna hii ndio wengi, na uovu wa mmoja usiwe sababu ya kuwanyima riziki.

Ujanja wote umejificha katika neno "kimo". Anayekuuzia bajaji, boti na kiingilio kwa bei moja, mkononi mwake, anakunyima nafasi ya kujua ni kipi kimelipwa. Kiingilio cha Saanane hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na hifadhi yenyewe, na unapewa stakabadhi. Asiyetaka ufike ofisini ukalipe mwenyewe, usimpe hata senti. Bajaji ikodishwe kama bajaji, kwa nauli mliyoafikiana, na iliyobaki ilipwe baada ya kurudishwa nyumbani. Mwongoza watalii halali ana leseni, kwa hiyo mwombe akuonyeshe, na uilinganishe na jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Piga picha namba ya usajili wa bajaji. Mimi sikupiga, ninachokumbuka ni yule samaki tu. Na kama boti haina jaketi linalomtosha mtoto, mtoto asipande, hata kama fedha zimekwisha kulipwa.

Nimeripoti polisi na nimepewa RB, yaani namba ya taarifa yangu kituoni. Nimeambiwa kwamba malalamiko yakiwa zaidi ya moja, kulifuatilia jina la laini ile kunakuwa rahisi. Kwa hiyo kama nawe ulichukuliwa Nyegezi na bajaji yenye samaki ubavuni, usiufute ujumbe wa muamala. Nenda nao kituoni wiki hii, ueleze siku, kiasi na mahali mlipoachwa.