Sale moja ya mazoezi ku Himbi, Goma: kochi anajua kazi, matela njo shida

Niliendaka pale kisha musuli ya nyuma ya paja kunichanika ku mupira, nilizani mutu amenitupia jiwe. Kochi akanilaza kifudifudi ku mashini, kunja goti, kufika kisigino karibu na matako musuli ikashikwa krampi. Kisha akanikalisha ku ile ingine, nikavuta kilo mingi kuliko pale mbele, nikashangaa!

Akasema: "Ndugu yangu, ile musuli inaanzia ku mufupa ya makalio inapita goti. Ukilala nyonga imenyooka, imeshafupika, nguvu inapungua. Ukikaa inavutika, na ni vile inakuwaka ukikimbia mbio kali, muguu mbele goti inafunguka, pale njo inapasukaka."

Mimi nilijuaka tu Nordiki, kupiga magoti mwenzako anakushika vifundo unashuka pole pole. Ni nzuri kabisa lakini nyonga inabaki imenyooka, basi kochi anaongeza kuinua chuma ukiinama, magoti imekunjwa kidogo tu.

Sasa ile matela yabo, karatasi! Magoti yangu inagusa sima, mi nabebaka kitenge nakunja mara ine. Na siku ya posho usiende, utangoja mashini mpaka uchoke.