Uzoefu wangu: baiskeli ya umeme kwenye masika ya Dar

Nina miezi 21 sasa naendesha baiskeli ya umeme kutoka Kawe hadi Posta na kurudi, siku tatu au nne kwa wiki. Imepita vuli ya 2023 iliyokuja na El Niño, ikapita masika ya 2024, na ninapoandika haya inamalizia masika ya 2025. Skrini inasoma kilomita 7,300 na ushee. Watu hunisimamisha kwenye taa za makutano ya Morocco, Kinondoni, na swali lao huwa moja: je, mvua ikinyesha? Pale kwenye taa siwezi kulijibu likaeleweka, kwa hiyo najibu hapa.

Kwanza chombo chenyewe. Ni mtumba wa Ulaya, fremu ile ya kupitisha mguu katikati, kwa hiyo hata nikivaa sketi napanda bila shida. Mota ya wati 250 iko ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Betri ni ya volti 36 na ampea-saa 13, inachomekwa chini ya keria na kufungwa kwa ufunguo. Niliinunua Agosti 2023 kwa shilingi 1,450,000. Mota inasaidia pale unapokanyaga pedali, na ukifika kilomita 25 kwa saa inakuachia mwenyewe, maana ndivyo sheria za Ulaya zinavyotaka. Kwa foleni zetu mwendo huo unatosha kabisa.

Umeme wake hautishi. Betri tupu hadi ijae inakula kama nusu uniti na kidogo. Mimi elfu moja ya Luku inanipa uniti 2.8, kwa hiyo chaji moja ni kama shilingi 200, nami naenda na kurudi mjini, kilomita 28, na bado inabaki. Ilipokuwa mpya kwangu nilikuwa napata kilomita 48 kwa chaji, sasa napata 40. Kusi ikianza kuvuma inapungua zaidi, kwa sababu asubuhi naelekea mjini upepo uko usoni, na kipande cha Toure Drive unakanyaga kama unapanda mlima.

Sasa maji. Muuzaji aliniambia, "Mama, hii haipitishi maji." Nikamwamini. Kumbe kwenye kibandiko cha kontrola, kile kiboksi kinachoongoza umeme wa mota, pameandikwa IPX4, na maana yake ni kwamba inavumilia maji ya kurukiwa kutoka kila upande. Mvua, sawa. Tope la daladala, sawa. Kuzamishwa hakumo.

Mimi niliizamisha. Aprili 2024, jioni, nilikatisha mitaa ya Mikocheni kukwepa foleni ya Mwai Kibaki. Maji yalikuwa yametanda ukuta kwa ukuta. Bajaji ikapita mbele yangu, nikafuata njia yake. Katikati nikaona kila pedali inaposhuka mguu unazama hadi nusu ya muundi, ndipo nikajua habu nayo imo ndani. Sikuweza kushuka, kwa sababu mitaa ile ina mitaro isiyo na mifuniko, na kwenye maji ya rangi ya chai huoni mtaro uko wapi. Nilitoka, mota ikanifikisha nyumbani, nikalala nikishukuru.

Asubuhi skrini inawaka, mota kimya. Nikaikanyaga hivyo hivyo, kilo 24, hadi kwa fundi wangu wa karibu na soko la Kawe. Ni kijana mdogo, ameanzia kwenye kuziba pancha, mambo ya nyaya akajifunza kwenye bodaboda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Imegoma."

Hakugusa mota kwanza. Alichomoa waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye mkono wa breki ya kushoto, akainua gurudumu, akazungusha pedali. Mota ikanguruma. Alinieleza: mikono ya breki hizi ina swichi ndani, ukishika breki inakata mota. Swichi ikilowa, mota inadhani umeshika breki muda wote. Akaifungua, akaikausha, akairudisha, akanitoza 5,000. Kama yako imezimika baada ya mvua huku skrini inawaka, anzia hapo kabla hujamruhusu mtu yeyote akufungulie mota.

Nilikuwa nimeshika usukani niondoke aliponiita. Alikuwa amevuta betri nje.

"Mama, njoo uone hapa."

Kwenye kitako betri inapochomekwa kuna pini mbili nene za kupitisha umeme na nyingine nyembamba pembeni. Pini moja nene ilikuwa imevaa ukoko wa kijani, ule unaoota kwenye shaba iliyosahauliwa nje. Plastiki iliyoizunguka ilikuwa imeanza kugeuka rangi, kahawia, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Nilidhani ni maji ya jana. Akatikisa kichwa. "Maji ya usiku mmoja hayafanyi hivi. Hii ni chumvi, tena ya miezi. Unapita lile daraja?"

Napita. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022 nalipenda kuliko njia ya Salender, maana unatoka Oysterbay unavuka juu ya bahari hadi upande wa Upanga. Lakini siku za upepo ukipita pale mdomo unaonja chumvi. Chumvi hiyo inatua kwenye kila kitu, inanyonya unyevu wa hewa, na haikauki vizuri. Ikikaa kwenye pini, umeme unapita kwa shida, pini inapata joto, joto linazidisha kutu, na siku moja plastiki inayeyuka. Mimi nilikuwa naangalia mvua tu. Miezi minane nafuta matope kwa bidii, na sijawahi hata siku moja kuvuta betri nikachungulia kitako chake.

Nilimtumia mdogo wangu picha. Anaishi Stockholm, Uswidi, na anaendesha baiskeli ya umeme mwaka mzima, theluji ikiwepo. Akajibu papo hapo: "Dada, hiyo naijua." Kwao, theluji ikianguka, mashine zenye brashi kubwa zinafagia njia za baiskeli, kisha zinanyunyiza maji ya chumvi ili barafu isigande. Anaendesha juu ya chumvi hiyo kwa miezi. Cheni isiposafishwa, wiki moja inakuwa nyekundu. Yeye anafunga tairi zenye misumari midogo ya chuma ili zishike kwenye barafu, na akifika nyumbani anapanda ngazi na betri mkononi, anaiacha ipate joto la chumbani kabla ya kuichaji, kwa sababu betri ya lithiamu ukiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 inaharibika ndani na haitengemai tena. Misumari na ngazi hazinihusu. Lakini chumvi ni ile ile, tofauti ni kwamba yao inamwagwa na yetu inaletwa na upepo. Utaratibu ninaofuata leo nusu ni wa fundi wa Kawe, nusu ni wa Stockholm.

Kila Jumamosi navuta betri nje. Natazama pini zote kwa tochi ya simu. Kukiwa na weupe au ukijani nasugua kwa mswaki mkuukuu wenye spiriti kidogo, naacha ikauke kabisa, kisha napaka mafuta ya mgando, membamba sana, kiasi cha kung'aa tu. Fundi alinionya nisiyapake kwenye mpira wa kuzibia maji, maana mafuta hayo yanaulegeza mpira. Pale napaka grisi ya silikoni. Betri yangu ina mfuniko mdogo wa mpira kwenye tundu la chaja, na huo ndio naukagua kuliko kitu chochote: ukichanika, badilisha siku hiyo hiyo, au kata kipande cha tyubu uzibie kwa muda.

Waya wa mota nao una siri. Unaingia kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, na maji yanaupenda kama njia. Ukifungwa ukiwa umenyooka kutoka juu, kila tone linateremka moja kwa moja ndani ya mota. Uache uning'inie chini kidogo kabla haujapanda kuingia, maji yadondokee pale kwenye tumbo la waya. Mimi wangu ulikuwa umenyooka tangu dukani.

Kuosha ni ndoo, kata na tambara. Nimeona watu wanazipeleka kwa vijana wa kuosha magari zinapigwa pampu kwenye habu. Msifanye hivyo jamani, maji ya nguvu yanasukuma mchanga na maji hadi kwenye beringi. Nikishaosha nakausha cheni, natia oili, nafuta inayozidi, kwa sababu oili nyingi inakusanya mchanga na mchanga wa Dar unakula cheni kama msasa. Breki ndizo zimeniuma zaidi mfukoni. Pedi za diski zinazodumu miezi mitano kiangazi, masika ziliisha kwa wiki saba. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma umeshachelewa, diski inaliwa.

Tairi napunguza upepo kidogo mvua zikianza, ili ishike zaidi. Kwenye vile vyuma vya maungio ya daraja sishiki breki hata kidogo na sikati kona, napita nimenyooka. Pancha ya gurudumu la nyuma isikutishe kwa sababu ya mota. Fundi wa kijiweni anayejua kazi halitoi gurudumu, anavua tairi upande mmoja, anavuta tyubu nje pale penye tundu tu, anaziba, anarudisha. Akianza kutafuta spana ya ekseli, mwambie asubiri.

Kuhusu betri na hali yetu ya hewa, adui wa mdogo wangu ni baridi na wangu ni joto. Siku za jua betri nyeusi ikishinda kwenye maegesho inachoma mkono. Kwa hiyo ofisini naingia nayo, na jioni nikifika naiacha ipoe kama saa moja kabla ya kuichaji. Siijazi hadi mwisho kama kesho sisafiri. Nikikaa wiki bila kuendesha, kama nilivyofanya Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja, naiacha ikiwa kama nusu. Na hili nalisema kwa uzito wote: betri ikiingia maji ndani, usiichaji nyumbani kwako kuona kama bado inafanya kazi. Lithiamu ikipata shoti ndani inaweza kuwaka hata saa kadhaa baadaye, na moto wake hauzimiki kirahisi. Iweke nje, sehemu kavu, mbali na vitu vinavyoungua, umwite anayezijua.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, bila kusita. Nafika kazini kwa dakika 45, mvua au jua, sina hesabu za foleni kichwani. Madigadi marefu na koti la mvua la bodaboda vimenitosha. Siku maji yanapokaribia kufika kwenye habu siingii, nageuza, na maeneo kama Bonde la Mpunga siyajaribu kabisa mvua ikinyesha usiku kucha. Lakini kama unaishi ghorofa ya nne na huna mahali pakavu pa kuiweka, au huna fundi anayejua kushika waya bila kukata, fikiria mara mbili. Betri mpya ya kwangu niliulizia nikaambiwa 650,000, na hiyo pesa ianze kuwekwa tangu mwezi wa kwanza.

Ukienda kuchagua ya mtumba, usianze na rangi wala kilomita. Mwambie muuzaji afungue ufunguo avute betri mbele yako, washa tochi ya simu, tazama zile pini mbili nene. Zikiwa na ukijani, au plastiki ya pembeni imebadilika rangi, punguza bei au ondoka. Kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono ukiwa umeinama karibu usikilize. Likitoa sauti ya mchanga, beringi ya mota imeshakunywa maji.