Toyota Corolla Fielder iliyotumika: gari la mizigo na familia

Miongoni mwa magari yaliyotumika yenye buti refu, Toyota Corolla Fielder ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Injini yake ya lita 1.5 hutumia cheni ya taimingi (inayoratibu mwendo wa sehemu za ndani ya injini) badala ya mkanda, na cheni hiyo hudumu miaka mingi iwapo oili inabadilishwa kwa wakati. Viti vya nyuma hulala, na hapo ndipo thamani yake kwa mwenye familia na mizigo huonekana.

Hata hivyo, sifa ya aina ya gari haithibitishi uzima wa gari moja lililo mbele yako. Magari haya hubebeshwa mizigo mizito, kwa hiyo nashauri sana shokamzoba na springi za nyuma zikaguliwe, kisha zulia la buti liinuliwe ili kutafuta kutu, maji au alama za kuchomelewa pale tairi la akiba linapokaa, kwa kuwa rangi mpya ya nje huficha ajali lakini mara nyingi husahau sehemu hiyo. Injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa bluu huashiria kwamba inaunguza oili. Kilomita za dashibodi zilinganishwe na uchakavu wa pedali na usukani. Kwa giaboksi ya CVT (otomatiki inayobadili kasi bila gia za hatua), uliza ni oili gani iliyowekwa, kwani ya giaboksi ya kawaida inaweza kuiharibu, na matengenezo yake ni ghali.