Jezi ya Vancouver Grizzlies, mtumba wa Memorial, Moshi

Wapenzi wa kikapu, piteni Memorial kwenye meza za jezi. Nimepata ya Vancouver Grizzlies, gredi ya kwanza, kwa 15,000 baada ya kuvutana bei. Herufi zimeshonwa, siyo za kubandika. Nimeifua, haikuchuja hata kidogo. Kwapani tu uzi umeanza kufumuka, fundi atamaliza.

Timu hii ilianza Kanada mwaka 1995. Msimu wa kwanza ikashinda mechi 15, ikapoteza 67! Mwaka 2001 ikahamia Memphis, Marekani. Na ni Memphis hao hao waliomchukua Hasheem Thabeet wetu mwaka 2009, chaguo la pili timu zilipochagua wachezaji wapya wa mwaka huo, Mtanzania wa kwanza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Kwangu hiyo ni jezi ya nyumbani kabisa.

Wahini belo likifunguliwa asubuhi, nzuri hazifiki mchana.