Bodi mama iliyonuna, na “Ndugu mteja”

Nisingeandika maoni haya ya mteja kama si lile jibu la “Ndugu mteja”.

Nilinunua kadi ya kuunganishia diski nyingi, ile iliyokwisha kutumika kwenye seva, niichomeke kwenye kompyuta yangu ya nyumbani. Bodi mama, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu ndani ya kompyuta, ilikuwa mpya kabisa. Nikachomeka, nikabonyeza: feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Hata BIOS, ile programu ya kwanza kabisa mashine inapowaka, haifiki. Nikiitoa kadi, mashine inawaka kana kwamba haijawahi kuugua. Nikiirudisha, imegoma. Nilihamisha sloti, nikachomoa RAM, vile vijiti vya kumbukumbu, mojamoja, nikang'oa CR2032, ile betri ndogo ya duara ya bodi, nikairudisha. Ilifika mahali bisibisi nakaa nayo mfukoni hata mezani.

Nikawaandikia watu wa bodi. Kimya siku kadhaa. Kisha: “Ndugu mteja, bidhaa yetu haina tatizo. Hakikisha kadi imekaa vizuri.” Imekaa vizuri! Nimewatumia picha nne, na aya ya kwanza kabisa inasema nimeichomeka na kuichomoa hadi vidole vinauma. Nikauliza kama bodi inazikubali kadi za seva. Akajibu mwingine: “Soma mwongozo.” Nimeusoma jamani, taa za rangirangi zimeelezwa kurasa kibao, habari za kadi mistari miwili. Aliyeniuzia kadi naye akasema ubovu uko kwenye bodi. Nikawa mpira, huyu anapiga, yule anarudisha.

Nyota moja, nikasema, tena kwa kuwa sifuri hairuhusiwi.

Kumbe dawa ilikuwa tepu. Baadhi ya kadi hizi huongea kupitia pini mbili, B5 na B6, kwenye njia ndogo iitwayo SMBus, na bodi huitumia njia hiyohiyo kuzitambua RAM inapowaka. Kadi na RAM zikigombania njia, bodi inaganda kabla hujaona chochote. Basi nikaigeuza kadi upande wenye chipu, nikahesabu meno ya dhahabu, ndizo pini zenyewe, kuanzia kwenye kile kibati cha skrubu: la tano, la sita. Nikayafunika kwa kipande cha tepu, chembamba kama punje ya mchele. Cha kwanza kilipanda hadi jino la saba, nikakibandua, nikaanza upya huku mkono unatetemeka. Nikabonyeza.

Diski zote nane, hizo hapo, zimejipanga.

Sasa nasemaje? Kadi ni nzuri, wallahi. Na hiyo bodi niliyoitukana, sina budi kukiri, tangu siku ile haijanisumbua hata mara moja, pengine ni bora kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Nilikuwa tayari kuipa nyota nne. Nikafungua barua pepe kutafuta namba ya oda, nikakuta ujumbe mpya unanisubiri: “Ndugu mteja, tumefurahi kutatua tatizo lako.”

Nyota mbili.